Dirac na shimo lenye chaji: uchambuzi wa kisa cha 1928–1931

Mapema mwaka 1928 Paul Dirac, kijana wa miaka 25 wa Chuo cha St John's, Cambridge, alitoa mlinganyo wa elektroni ambao wenzake waliupokea kwa mshangao, kisha kwa mashaka. Walishangaa kwa sababu ulieleza mambo ambayo hakuna aliyeyatia ndani yake. Wakatia shaka kwa sababu ulizaa majibu ya ziada: elektroni zenye nishati iliyo chini ya sifuri, kitu ambacho hakuna aliyejua akifanyie nini. Ilimchukua Dirac zaidi ya miaka 3 kuamua majibu hayo yana maana gani, na katikati ya njia alikosea vibaya.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu Dirac akitajwa, kinachosimuliwa kwanza ni ukimya wake, na ukimya huo hufanywa ndio siri ya kipaji chake: mtu aliyejifungia, asiyesikia kelele za wengine, akaona wasichokiona. Simulizi hiyo inavutia. Lakini ukifuata matukio ya miaka hiyo mitatu, tarehe kwa tarehe, utakuta kosa lake alilifanya pale alipokwenda na maoni ya wengi, na waliomtoa kosani ni wengine vilevile. Upweke ulikuwa na kazi yake, ila si hiyo tunayoambiwa.

Kwanza mtu mwenyewe. Alizaliwa Bristol, Uingereza, tarehe 8 Agosti 1902. Baba yake, Charles, alikuwa mhamiaji kutoka Uswisi na mwalimu wa Kifaransa. Dirac alisimulia uzeeni kwamba baba aliamuru waongee Kifaransa peke yake mezani, na kwa kuwa yeye hakuweza kujieleza vizuri kwa lugha hiyo, aliona heri anyamaze. Yeye na baba walikula chumba kimoja, mama na watoto wengine walikula jikoni. Machi 1925 kaka yake Felix alijitoa uhai. Nyumba hiyo haikuwa na furaha, na Dirac hakuwahi kuificha chuki aliyokuwa nayo kwa baba yake. Cambridge wenzake walimtania kwa kubuni kipimo cha usemaji, "dirac" moja, yaani neno moja kwa saa. Siku hizi wapo wanaompa jina la kitabibu kwa kutegemea vichekesho vya namna hiyo. Mimi sioni faida yake. Marehemu hapimwi kwa mizaha ya wenzake wa bwenini.

La maana zaidi kwa kisa chetu ni mafunzo yake. Shahada yake ya kwanza, ya 1921, ilikuwa ya uhandisi wa umeme. Uchumi ulikuwa mbaya, kazi hakupata, akasoma hisabati miaka miwili mingine palepale Bristol kabla ya kwenda Cambridge mwaka 1923 chini ya Ralph Fowler. Mwenyewe alisema uhandisi ulimfundisha kuvumilia makadirio: kwamba mlinganyo unaweza kuwa mzuri na wa kweli hata kama si kamili. Kwa hiyo tusimfikirie kama mtawa wa hisabati safi. Alikuwa fundi aliyezoea kutumia chombo kabla hakijakamilika.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya kawaida mno. Siku za wiki alikaa peke yake na karatasi, Jumapili alitembea mashambani kwa miguu, akijitahidi asifikirie kazi. Katika matembezi ya namna hiyo, Oktoba 1925, lilimjia wazo kwamba kanuni mpya za mwanafizikia Mjerumani Werner Heisenberg, ambamo mpangilio wa kuzidisha hubadilisha jibu, zinafanana na mabano ya Poisson, fomula ya hesabu ya umekanika wa zamani, yaani sayansi ya mwendo kabla ya kwanta. Hakuyakumbuka mabano hayo vizuri. Vitabu vyake havikuwa nayo, maktaba zimefungwa, ikabidi alale na wazo lake hadi Jumatatu asubuhi. Likathibitika. Mwaka uliofuata alipata udaktari wa falsafa, na kufikia 1927 alikuwa amekwisha kufanya kazi na mwanafizikia Niels Bohr huko Copenhagen na kukaa Göttingen pamoja na kijana aitwaye Robert Oppenheimer, ambaye tutakutana naye tena.

Sasa mlinganyo. Nadharia ya uhusianifu ya Einstein inasema kipeo cha pili cha nishati ya chembe hutokana na kipeo cha pili cha kani-mwendo yake na kipeo cha pili cha tungamo lake. Ukitaka nishati yenyewe lazima utafute kipeuo cha pili, na kila mwanafunzi anajua kipeuo cha pili kina majibu mawili, chanya na hasi. Mlinganyo wa kwanta, yaani wa fizikia ya chembe ndogo kabisa, uliokuwapo kabla ya Dirac, wa Klein na Gordon, ulikwepa kutafuta kipeuo kwa kubaki na vipeo vya pili, lakini ulileta matatizo mengine: uwezekano wa kuikuta chembe mahali fulani ungeweza kutoka ukiwa hasi, jambo lisilo na maana. Dirac akataka mlinganyo ambamo wakati na nafasi vinaingia kwa kipeo cha kwanza tu. Akagundua kwamba unawezekana iwapo vizidisho vyake si namba za kawaida bali ni matriki, yaani majedwali ya namba, za safu nne kwa nne. Makala yake ilipokelewa na Royal Society tarehe 2 Januari 1928.

Kilichowashangaza watu ni kwamba spini ya elektroni, tabia yake inayofanana na kujizungusha, ambayo hadi hapo ilibidi ipachikwe kwa nguvu, ilitoka yenyewe ndani ya mlinganyo, na nguvu yake ya usumaku pia ikatoka ikiwa sahihi, namba 2 ambayo vipimo vilikuwa vikiidai. Dirac hakuwa ameitafuta spini. Alitafuta mlinganyo uliokubaliana na kanuni mbili alizoziamini, na mambo mengine yakaja kama nyongeza.

Lakini matriki za nne kwa nne maana yake ni kwamba elektroni ina sehemu nne. Mbili ni za spini. Mbili zilizobaki ni elektroni zilezile zenye nishati hasi.

Katika fizikia ya zamani jibu la namna hii hutupwa bila kujali. Kitu kilichoanza na nishati chanya hakiwezi kuvuka hadi upande wa hasi, kwa sababu katikati pana pengo, na mwendo wa zamani hauruki. Fizikia ya kwanta inaruhusu kuruka. Elektroni ya kawaida ingepaswa kutoa mwanga na kudondokea kwenye nishati hasi, kisha chini zaidi, bila kikomo, na hakuna atomu ambayo ingesalimika. Tena elektroni hizo zilikuwa na tabia ya kuudhi: ukizisukuma huku, zinakwenda kule. George Gamow, ambaye hakupitwa na utani, aliziita elektroni punda. Mwaka 1929 Oskar Klein alionyesha kwamba huwezi hata kuzifungia nje. Weka kizuizi kikali cha umeme, na elektroni za kawaida zinapenya upande wa pili zikiwa katika hali hizo hizo za hasi. Heisenberg alikuwa amekwisha kumwandikia mwanafizikia mwenzake Wolfgang Pauli, mwaka 1928, kwamba nadharia ya Dirac ndiyo sura ya huzuni kuliko zote katika fizikia ya wakati wao.

Hapa ndipo akili ya Dirac inapoonekana, na ningependa tutulie kidogo. Njia zilikuwa tatu. Angeweza kuutupa mlinganyo mzima. Angeweza kuubakiza na kukataza majibu mabaya kwa amri, kama wengi walivyotaka. Au angeweza kuamini kwamba mlinganyo unajua jambo ambalo mwandishi wake halijui. Hakuchagua upesi. Alikaa karibu miaka miwili bila kuchapisha suluhisho lolote la tatizo hilo, na kwa kijana mwenye jina linalokua, kukaa kimya na aibu ya hadharani si kazi nyepesi. Nadhani hii ndiyo faida halisi ya tabia yake: hakusukumwa na haja ya kusema kitu.

Kuna kisa cha Agosti 1929 kinachoonyesha alivyofikiri. Yeye na Heisenberg walikuwa melini kutoka Marekani kwenda Japani. Heisenberg alipenda kucheza dansi jioni, Dirac aliketi akitazama. Akamwuliza mwenzake kwa nini anacheza. Heisenberg akajibu kwamba kukiwa na wasichana wazuri, kucheza ni raha. Dirac alinyamaza dakika kadhaa, akauliza: lakini unajuaje kabla ya kucheza kwamba ni wazuri? Watu hucheka, na inachekesha. Ila swali lenyewe ni la mtu asiyekubali dhana ipite bila kuonyesha cheti, na huyo huyo ndiye aliyekuwa akijiuliza wanafizikia wanajuaje, kabla ya kuangalia, kwamba nishati hasi haipo.

Miezi michache baadaye jibu likaja. Tarehe 26 Novemba 1929 alimwandikia Bohr akieleza. Kanuni ya Pauli inasema hali moja haibebi elektroni zaidi ya moja. Basi tuseme hali zote za nishati hasi zimekwisha kujaa. Elektroni za kawaida haziwezi kudondoka kwa sababu hakuna nafasi. Bahari hiyo isiyo na mwisho imetapakaa sawasawa kila mahali, kwa hiyo haionekani. Tunachoita utupu ndiyo hiyo bahari ikiwa imejaa. Kinachoweza kuonekana ni nafasi iliyo wazi, kama kiputo ndani ya maji: penye upungufu wa chaji hasi patajionyesha kama chaji chanya, na penye upungufu wa nishati hasi patakuwa na nishati chanya. Shimo litatembea kama chembe.

Wazo hilo ni la kijasiri mno. Mtu mmoja anaijaza dunia nzima chembe zisizo na idadi ili kuokoa ishara moja ya hasi. Na papo hapo, katika hatua iliyofuata, ujasiri ukamwishia. Shimo lina chaji chanya. Chembe ipi ina chaji chanya? Mwaka 1929 wanafizikia walizijua chembe mbili tu za maada: elektroni na protoni. Dirac akasema shimo ni protoni. Makala ikatoka Januari 1930.

Kasoro ilikuwa wazi kwa kila aliyesoma, naye mwenyewe aliitaja: protoni ina tungamo mara 1,836 ya elektroni, na hakuna kitu ndani ya mlinganyo kinacholeta tofauti hiyo. Alitumaini kwamba mvutano kati ya elektroni za baharini ungekuja kuieleza. Septemba 1930, katika mkutano wa British Association, chama cha sayansi cha Uingereza, uliofanyika Bristol, mji wake wa kuzaliwa, alisimama akaeleza ndoto ya wanafalsafa ya kujenga maada yote kutokana na chembe ya aina moja, na kwamba nadharia yake inaelekea kuitimiza. Ukisoma hotuba hiyo leo unahisi mvuto wake. Chembe moja badala ya mbili ni bei nzuri sana.

Kwa nini alikosea? Baadaye alieleza kwamba hakuthubutu kupendekeza chembe mpya, kwa kuwa hali ya mawazo ya wakati ule iliipinga kabisa. Namwamini, na ushahidi wa nje unamuunga mkono. Desemba 1930 Wolfgang Pauli, mtu asiyejulikana kwa woga, alihitaji chembe mpya ili kuokoa uhifadhi wa nishati katika mnururisho wa beta, ambamo kiini cha atomu hutoa elektroni, naye aliipendekeza kwa barua ya mzaha kwa washiriki wa mkutano, hakuichapisha. Kubuni chembe kulikuwa kama kukiri umeshindwa. Kwa hiyo mkimya wetu huyu, anayesifiwa kwa kutosikia kelele za watu, alisikia vizuri sana. Aliufuata mlinganyo hadi mlango wa mwisho, na pale mlangoni akaufuata umma.

Pingamizi hazikuchelewa, na zilikuja kwa njia tofauti. Oppenheimer, akiwa Marekani, alipiga hesabu: kama protoni ni shimo, elektroni ya atomu ya hidrojeni ina nafasi ya kudondokea pale pale jirani, na maada ya kawaida ingejiangamiza kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Igor Tamm wa Moscow alifikia hitimisho la aina hiyo hiyo. Hermann Weyl alikwenda upande wa hisabati tupu na kuonyesha kwamba mlinganyo una ulinganifu kamili kati ya chaji chanya na hasi, hivyo shimo lazima liwe na tungamo lile lile la elektroni. Kwa Weyl jambo hilo lilikuwa hasara ya nadharia. Oppenheimer alipendekeza elektroni na protoni zitenganishwe, kila moja na bahari yake iliyojaa, pasiwe na shimo lolote la kuonekana. Mlango ulikuwa wazi kabisa, naye hakuingia.

Dirac aliingia, ila kwa mtindo wake. Septemba 1931 alichapisha makala kuhusu jambo jingine kabisa, uwezekano wa kuwapo kwa ncha moja ya sumaku bila mwenzake. Katika utangulizi wa makala hiyo, kama mtu anayesafisha meza kabla ya kuanza kazi, aliandika kwamba shimo, kama lipo, litakuwa chembe mpya isiyojulikana na wafanya majaribio, yenye tungamo la elektroni na chaji iliyo kinyume. Akaiita antielektroni. Akaongeza kwamba tusitarajie kuikuta katika maumbile kwa sababu ikikutana na elektroni zitaangamizana upesi, lakini ikitengenezwa katika utupu mkubwa itadumu. Akataja hata njia ya kuitengeneza: kugonganisha miale miwili ya gama, kila mmoja ukiwa na nishati ya angalau elektronivolti nusu milioni. Na protoni nazo, akasema, huenda zina kinyume chake. Aya chache tu, kisha akarudi kwenye sumaku.

Sijui utabiri mwingine mkubwa kama huo uliowekwa mahali pa kujificha hivyo. Hapa ukimya wake ulikuwa na gharama. Cambridge ilikuwa na Cavendish, mojawapo ya maabara bora duniani, hatua chache kutoka chumbani kwake. Mwingine angepiga debe, angeshinda mlangoni kwa akina Patrick Blackett hadi watafute. Dirac hakuwa na hulka hiyo. Dalili zilikuwapo tayari: mwaka 1930 Chung-Yao Chao, mwanafunzi wa Caltech, alipima miale mikali ya gama ikipita katika metali ya risasi, akakuta inafyonzwa kupita kiasi na kutoa mnururisho wa ziada wenye nishati ya karibu nusu milioni ya elektronivolti, yaani ile ile inayotoka elektroni na kinyume chake zinapoangamizana. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili kwa wakati.

Tarehe 2 Agosti 1932, Caltech vilevile, Carl Anderson alipiga picha ya njia ya chembe katika chemba ya mawingu, chombo chenye mvuke ambamo chembe huacha alama ya njia yake, iliyowekwa ndani ya uga mkali wa sumaku. Chembe ilipita bamba la risasi lenye unene wa milimita 6, ikapoteza nishati, na mpindo wa njia yake ukaonyesha chaji chanya na tungamo dogo. Protoni yenye mpindo ule isingeweza kwenda umbali ule. Anderson hakuwa akiitafuta antielektroni. Alikuwa akichunguza miale ya kosmiki, yaani chembe zinazofika duniani kutoka angani. Mapema mwaka 1933 Blackett na Giuseppe Occhialini wa Cavendish walitoa picha nyingi zaidi, na wao ndio walioihusisha chembe hiyo wazi na bahari ya Dirac. Jina lililobaki ni positroni.

Zawadi ya Nobel ya 1933 alipewa pamoja na Erwin Schrödinger. Alifikiria kuikataa ili asiandamwe na magazeti. Ernest Rutherford akamwambia akikataa ataandamwa zaidi. Akaenda Stockholm na mama yake, baba hakualikwa. Katika mhadhara wake wa Desemba mtu yule yule aliyeshindwa kuthubutu chembe moja mwaka 1930 alisema huenda nyota nyingine zimeundwa kwa positroni na protoni hasi, pengine nusu ya nyota zote, na mwanga wao usingetofautika na wa nyota zetu. Protoni hasi ilipatikana Berkeley mwaka 1955. Mwaka 2016 wanasayansi wa jaribio la ALPHA huko CERN waliweza kupima mstari wa mwanga wa antihidrojeni, atomu ya positroni na protoni hasi, wakaukuta mahali pale pale ulipo wa hidrojeni.

Turudi kwenye swali la upweke. Dirac hakuwa mtu asiye na watu. Alikuwa rafiki wa kweli wa mwanafizikia Mrusi Pyotr Kapitza, na Kapitza alipozuiwa kutoka Urusi ya Kisovieti, Dirac alisafiri kwenda kukaa naye mwaka 1935. Mwaka 1937 alimwoa Margit, dada yake mwanafizikia Eugene Wigner, mwanamke msemaji kama yeye alivyokuwa mkimya. Kwa hiyo kilichomtenga na wengine si kutosikia. Alisikia, ila kwa uteuzi. Kilichomgeuza kati ya 1930 na 1931 ni hoja zilizoonyesha kwamba nadharia yake inajipinga yenyewe: atomu hazidumu, ulinganifu umevunjwa. Tofauti ya tungamo, ambayo ilikuwa hoja ya vipimo, aliijua tangu siku ya kwanza na haikumzuia.

Uteuzi huo ulimsaidia mara moja na kumgharimu mara ya pili. Mwaka 1947 vipimo vipya vilionyesha kwamba usumaku wa elektroni si 2 kamili kama mlinganyo wake ulivyosema, bali umezidi kidogo. Mwaka uliofuata Julian Schwinger alikokotoa ziada hiyo kwa mbinu mpya iliyokuwa ikiondoa namba zisizo na kikomo kwa utaratibu maalumu, akapata kama 0.0023 juu ya 2, sawa na vipimo. Dirac aliikataa mbinu hiyo. Kwake, kutupa namba isiyo na kikomo kwa sababu huitaki haikuwa hisabati. Wenzake walimwonyesha makubaliano na vipimo, tarakimu baada ya tarakimu, na kila tarakimu iliyoongezeka haikumsogeza. Hawakuwa na kile alichohitaji, yaani mahali ambapo yeye mwenyewe anajipinga, kwa kuwa safari hii hakuwa na nadharia mbadala ya kujipinga nayo. Aliacha kiti cha Lucasian, uprofesa wa hisabati huko Cambridge, mwaka 1969, akahamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Tallahassee, na hadi kifo chake tarehe 20 Oktoba 1984 alikuwa bado akiandika dhidi ya mbinu hiyo, akitafuta mlinganyo wa kuanzia upya.